Picha ya Vyombo vya Mishi

Dodoma, tarehe 25 Mei 1913

Kwa shemeji yangu Hassani, muuza nguo wa Kondoa,

Salamu ninazokuletea ni nyingi, ukizipanga rafuni nguo zako zitakosa nafasi. Mimi ni mzima na ninanenepa. Huku ni baridi na vumbi, lakini mtu aliyelala Bagamoyo, Tabora na Ujiji hashtuki kwa vumbi. Kalamu hii nimepewa na Bwana Hotimani, yule fundi wa madaraja ya reli ninayempikia. Wino ni wa Ulaya, uone unavyong'aa. Unajua shule ya Wadachi kule Tanga nilikaa mwaka na nusu tu. Mwalimu mwenyewe aliniambia nimetosha, niende. Herufi za Kiarabu za chuoni nazijua pia, ila macho yangu sasa yamezoea Kidachi.

Habari za dada yako sikuulizi. Nilimpa talaka moja mbele ya watu, na mwanamume hali matapishi yake. Kama akiuliza, mwambie vyombo vyake nimewagawia kina mama wa Kigogo wanaotuletea maziwa. Nyumba yangu sasa ni bakuli nyeupe za enameli kutoka Ujerumani. Nala nyama ya kopo na mkate wa ngano, na jioni nakunywa kahawa. Wanawake wa hapa wananisalimia mpaka shingo inaniuma kwa kuitikia.

Nikupe kichekesho. Huyu Bwana akitoka kazini anachora. Zamani alichora milima na mbuzi, ukiona mbuzi unajua ni mbuzi. Mwaka jana alikwenda kwao likizo, akapita mji uitwao Parisi, akarudi ameharibika. Wiki iliyopita alisimama mlangoni pa kibanda changu, akatazama meza yangu na vitu vilivyokuwapo, akasema, "Halfani, usiguse kitu." Juu ya meza palikuwa na kambare mbichi, ametoka Bahi asubuhi ile kwa gari moshi. Nikamwambia, Bwana, huyo ndiye chakula chako. Akasema usiguse. Kambare amekaa pale siku tatu. Siku ya tatu mimi nimehamia nje, yeye bado amekaa na kambare wake, pua imezibwa kwa leso, anachora. Na huyo kambare kwenye karatasi si kambare, ni pembe tatu za rangi ya majivu na jicho moja. Nimechunguza sana, nadhani Bwana ana kengeza na anaficha.

Nisalimie Baba na Mama. Mwingine simtaji.

Mimi Halfani, mpishi mkuu

*

Kondoa, tarehe 8 Juni 1913, Rajabu imeshaandama

Halfani,

Barua imefika. Nimeisoma barazani kwa sauti mpaka kwenye matapishi, hapo nikakohoa nikaikunja. Mama alikuwa ananisikiliza.

Mimi ni ndugu wa mwanamke na ni rafiki yako, kwa hiyo nakuandikia mara moja tu kwa lugha nyepesi. Kosa lako linajulikana Kondoa nzima. Uliwaita Elieza na wale wenzake wa stesheni kuja kula, Mishi akawapikia mlenda, wewe ukasema mbele yao kwamba hicho ni chakula cha shamba, wewe unayewapikia Wazungu unaona haya. Mishi akakujibu, "Basi jipikie." Wageni wakacheka. Kwa kuwa wamecheka, ukatoa talaka. Hukumwacha kwa sababu ya mlenda, ulimwacha kwa sababu ya kicheko cha Elieza.

Talaka moja si ukuta. Maadamu edda, ile miezi yake ya kungoja, haijaisha, neno lako moja linatosha. Sema umemrejea, mbele ya watu wawili, hukohuko Dodoma, kisha utuarifu. Habari ikichelewa njiani si kitu, neno limeshasemwa. Mama ndiye anayehesabu, naye anasema edda itakwisha Ramadhani inapoandama. Ikipita hapo, utakuja na mahari mpya kama mgeni, na Baba atakutazama kama mgeni. Tayari kuna watu wazima wawili hapa mjini ambao siku hizi wanapita kumsalimia Baba zaidi ya desturi. Baba ana mguu unaouma. Hajawahi kuulizwa habari za mguu wake kama mwezi huu.

Mishi ni mzima. Anaamka, anafanya kazi. Habari za bakuli za enameli nilimpa. Akauliza kama na kigoda chake umekigawa. Nikasema barua haikusema.

Ndugu yako Hassani

*

Dodoma, tarehe 20 Juni 1913

Kwa shemeji Hassani,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu ya mwandiko wako mbaya. Umeandika vizuri habari za dini. Lakini shemeji, mtu akitupa jiwe kisha akalikimbilia kulidaka, watu watasema nini? Hata hivyo sikatai mazungumzo. Mtu akiwa na haja na mimi, njia ya Dodoma anaijua, na reli inaonekana kutoka mbali.

Nikueleze habari kubwa. Picha imekwisha. Nilikwambia Bwana ana kengeza, sasa naondoa neno langu nusu. Sikiliza. Kuna chungu humo, mdomo wake unauona kwa juu, kama umekiinamia uchochee kuni, lakini tumbo lake unaliona kwa ubavu, kama umekaa chini. Kibuyu kimepasuliwa, shingo iko hapa, kitako kiko pale, katikati kuna kipande cha meza kimepita kama mgeni asiyepiga hodi. Birika la kahawa lina mkono upande mmoja na kivuli cha mkono upande wa pili. Kisu kinakata hewa. Rangi ni za kahawia na majivu, na kijani kidogo. Hakuna rangi ya kushangilia. Tena Bwana amebandika vitu vya kweli kwa gundi, karatasi ya pakiti ya kahawa yenye maandishi, na tambara aliloniomba, nikampa lililokuwa karibu. Kigoda ndicho kimezidi. Kila kigoda duniani kimesimama kwa miguu yake; Bwana amekichora kimeanguka, miguu mitatu imeelekea pembeni kama ya mbuzi aliyechinjwa.

Wadachi wenzake walikuja kunywa bia, wakaiona, wakacheka mpaka mmoja akamwaga bia. Bwana hakucheka. Walipokwenda akaniuliza mimi naona nini. Ningesema naona kengeza, lakini alikuwa amekaa vibaya, mabega yameshuka, nikamwonea huruma. Nikamwambia, Bwana, ukizitazama hizo haraka ni vigae. Ukizitazama taratibu, ni kama mtu anapozunguka jikoni kwake gizani, mkono unakijua chungu mdomo, tumbo na kitako kwa pamoja, haungojei zamu. Akanitazama sana. Akasema, "Halfani, huko Parisi watu walizungumza usiku kucha hawakulisema hivyo." Hayo ni maneno yake, sijaongeza chumvi, au nimeongeza kidogo.

Kusema kweli nimeizoea. Asubuhi nikimenya viazi ninaitazama. Leo shingo ya kibuyu inakuja mbele, kesho inarudi nyuma. Haichoshi. Picha ya mbuzi ukishamwona mbuzi umemaliza.

Sasa Bwana ameitwa kwao, ameondoka jana, na picha amenipa mimi. Aliniomba niipokee. Nami nimeona nimletee dada yako, ajue dunia imefika wapi na sisi tunaishi na vitu gani. Usijisumbue kuuliza ni vyombo vya nani. Vyombo ni vyombo, na hivi vimevunjwavunjwa kiasi kwamba hata mwenyewe hawezi kuvitambua. Ninampa Sila, mfanyabiashara wa chumvi, anakuja huko na punda. Imefungwa kwa gunia. Msiikalie.

Mimi Halfani, msafiri wa dunia

*

Kondoa, tarehe 9 Julai 1913

Halfani,

Umefanya nini?

Sila ameingia uani mchana, watu wapo. Akasema kwa sauti yake ile ya sokoni, "Mzigo wa Mishi, kutoka kwa mumewe." Mama akafungua gunia. Baba akasogea, akatazama muda mrefu, mimi nikidhani atauliza kama picha ni halali, nikawa tayari kumjibu kwamba hakuna mwenye roho humo ila kambare, naye haeleweki. Hakuuliza hilo. Alinyoosha fimbo kwenye chungu, pale penye ufa mdomoni uliozibwa kwa nta. Akasema, "Hiki si chungu cha binti yangu?" Mama akasema ndicho. Na kibuyu ndicho, kina alama yake ya moto shingoni. Na kigoda alikichonga Baba mwenyewe, atakikosaje?

Unajua desturi yetu, usijifanye umezaliwa kwenye gari moshi. Mwanamume akimaliza na mke, anavirudisha vyombo vyake kwao. Vyombo vikishaingia uani kwa wazazi, hakuna mazungumzo tena. Baba akasema, "Amevirudisha. Tena amevivunja kwanza." Akaingia ndani. Hajatokeza tena barazani tangu siku ile, hata wale wawili wanaomsalimia wamejibiwa na Mama.

Mimi nilijaribu kueleza habari za Parisi. Sikufika mbali.

Mishi alichukua picha akaingia nayo chumbani, ameiegemeza ukutani penye mwanga wa dirisha. Nikipita namwona amekaa mbele yake, kichwa upande huu, mara upande ule. Analia au halii, sikujua. Shaabani imeshaingia. Ramadhani ikiandama, imekwisha. Kama hukukusudia kuvirudisha, sema haraka ulikusudia nini.

Hassani

*

Dodoma, tarehe 17 Julai 1913

Kwa shemeji yangu mpenzi Hassani, na kwa Baba, na kwa Mama,

Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Mwandiko umepinda kwa sababu meza imepinda.

Sikurudisha vyombo. Naapa. Ile ni picha, si chombo, huwezi kupikia. Vyombo vyenyewe viko hapa kwangu, vizima vyote, nimevitazama sasa hivi kabla ya kuandika. Havikuvunjika hata kimoja. Ni uchoraji wa huko Ulaya, wanaona ni heshima kukivunja kitu ili kila upande upate haki yake. Mimi nilidhani nimeleta zawadi. Katika mji wote wa Dodoma hakuna mwingine aliyepewa picha na Mzungu.

Najua niliandika kwamba vyombo nimevigawa. Ni kweli nilitaka kuvigawa. Wale kina mama wa Kigogo hawakuvitaka, walisema chungu kina ufa. Basi vikabaki, nami sikuwa na nafasi ya kuvitupa, kazi ni nyingi.

Hassani, mweleze Baba polepole. Mwambie kigoda kile kilichochorwa kimeanguka si dharau kwa mikono yake, ni akili za Parisi. Mwambie mimi ni mtu niliyezunguka nchi, nimekula meza moja na makarani, lakini sijapata baba mkwe mwingine kama yeye, na mguu wake ninauombea. Mama mwambie kwamba mimi ni mwanawe. Na kama huyo dada yako akitaka kurudi, mimi sitamfukuza mlangoni.

Nangoja jibu kwa mtu huyuhuyu aliyewaletea barua hii. Nimemlipia chakula cha njia nzima ili asikae.

Halfani

*

Kondoa, tarehe 24 Julai 1913

Halfani,

Assalaam alaykum. Mimi Mishi nimeandika mwenyewe. Nimeandika kwa herufi za chuoni kwa sababu ninajua hizo huzijui, usimdanganye Hassani. Kwa hiyo sasa hivi yuko Mwalimu wa msikiti mbele yako, anakusomea, na wewe umekaa huwezi kumkatiza. Mwalimu, shikamoo. Unisamehe kwa kukuingiza katika maneno ya nyumbani. Kazi yako iko mwisho wa barua.

Picha nimeitazama wiki mbili. Siku ya kwanza niliona vigae, kama Baba. Nililia, andika hilo moyoni mwako. Siku ya pili nilianza kwa chungu kwa sababu ndicho ninachokijua zaidi. Huyo Mzungu ameonyesha nje na ndani kwa mara moja. Kwa nje ameweka ufa wangu na nta. Nta ile ni mpya, Halfani, ni nyeupe. Ya kwangu ilikuwa imeshakuwa nyeusi kwa moshi. Kwa hiyo umekiziba tena. Mtu hazibi chungu anachotaka kukitupa. Na kwa ndani, chini kabisa, kuna kile kijani kidogo ambacho wewe uliandika tu kwamba ni rangi. Mimi nimepika mlenda tangu nina meno ya utoto, ninaujua ukiganda chunguni. Uliandika nyama ya kopo. Mezani pako sikuona kopo. Bakuli la enameli sikuliona. Kikombe kimoja nimekiona, na kijiko kimoja.

Tambara ulilompa "lililokuwa karibu" ni pindo la kanga yangu niliyoiacha kwenye msumari. Nimeligusa. Lina mistari ya mkunjo, kama nguo iliyokunjwa vizuri ikakaa chini ya kitu. Tambara la jikoni halikunjwi.

Kibuyu nilikitazama siku nzima. Kizuri. Ninapenda shingo inavyotoka ikarudi. Hapo ulisema kweli, na nimefurahi kwamba kuna kitu tumekitazama sote wawili, kila mtu kwake.

Nimebakiza kigoda. Hassani amemsomea Baba kwamba ni akili za Parisi. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu gunia lifunguliwe. Sisi watu wa nyumba hii tunajua, na wewe unajua maana ulifundishwa hapa uani siku ya harusi, kwamba mtu akisafiri kigoda chake hulazwa ubavu, asikikalie mwingine mpaka mwenyewe arudi. Kila kitu katika picha hiyo Mzungu amekipinda. Kigoda peke yake amekichora kilivyo. Kilikuwa kimelazwa.

Nawe ulikilaza lini? Usinijibu, najua. Siku ileile niliyoondoka.

Baba sasa anasema havikurudishwa vyombo, umerudishwa moyo wako kwa makosa, umefungwa kwenye gunia la chumvi. Mimi sijasema hivyo, ni Baba.

Lakini mimi sirudi kwa picha. Picha amechora Mzungu. Wewe tangu mwezi wa tano umeandika barua tatu, umetaja Bagamoyo, Ujiji, wino, kambare na mguu wa Baba, na neno moja ambalo ni kazi yako hukuliandika. "Sitamfukuza mlangoni" si neno. Hata mbwa husemwa hivyo.

Sharti langu ni moja na ni dogo. Wale waliokuwapo siku ile waite, Elieza na wenzake. Uwapikie mlenda wewe mwenyewe, katika chungu kile, waule wakikutazama.

Mwalimu, hapa ndipo kazi yako. Ukimaliza kusoma mstari huu, mwite mtu wa pili mlangoni, muwe wawili. Kisha mtazameni, mngojeni aseme. Asipoanza kwa neno lenyewe, akianza habari za Tabora, mwondoke zenu.

Mishi

*

Dodoma, tarehe 31 Julai 1913

Kwa mke wangu Mishi. Hassani, msomee polepole, na usikohoe.

Nimesema. Jana alasiri, Mwalimu akiwa shahidi wa kwanza na fundi seremala wa jirani akiwa wa pili, aliyeingia na randa mkononi. Nilikuwa nimefungua mdomo nianze kwa maelezo kidogo, Mwalimu akainuka akachukua kofia yake. Basi nikasema: nimemrejea mke wangu Mishi. Nilisema kwa sauti. Mwalimu ataandika kwa mkono wake kwa Baba, msipoamini wino wangu.

Ramadhani haijaandama. Hilo nitalisema mpaka nife, kwamba niliwahi, wala sikukimbia.

Mlenda nimeupika. Elieza alikuja na wenzake wote wa stesheni, hata wale ambao siku ile hawakuwapo, habari imesafiri kuliko gari moshi. Nikawaambia hiki ndicho chakula cha nyumbani kwangu, na aliyenifundisha yuko Kondoa. Wakala. Elieza akasema nimezidisha chumvi. Nikasema kweli nimezidisha. Wakacheka, nami safari hii niliwaacha wacheke mpaka wakamaliza.

Barua hii inatangulia, nami nakuja mwenyewe kukuchukua, Sila anaondoka kesho na punda, tunaongozana. Kanga iliyobaki nakuletea, ila pindo moja haina, unajua liko wapi. Picha turudi nayo. Nimeshapigilia msumari ukutani, mahali ambapo asubuhi mwanga unaingia, na mtu akimenya viazi anaiona, na anayekoroga chungu naye anaiona. Watu wa hapa wataicheka. Mimi nitawaeleza. Ukiwepo utawaeleza wewe, umeisoma kunizidi, ingawa neno la mkono gizani lilikuwa langu.

Vyombo vyote vipo mahali pake. Kigoda nimekisimamisha leo asubuhi, nikakifuta vumbi, maana safari imekwisha. Elieza alipoingia alitaka kukikalia. Nikamwambia akae chini, hicho kina mwenyewe.

Halfani